Chanzo kimoja, akiba tatu: kisa cha nyumba tatu kwenye ardhi isiyo na gridi

Waliponiita niwapangie nyumba zao, walikuwa wameshampa fundi malipo ya kuchimba msingi. Dada mkubwa ndiye aliyekuwa na fedha mkononi, ndiye aliyechagua mahali, na vigingi vya nyumba yake vilikuwa vimesimama katikati ya shamba, pale penye mandhari ya kupendeza kuliko popote. Mdogo wake wa kiume angejenga baadaye, juu zaidi. Mama yao, mwenye umri wa miaka 71, angejengewa nyumba ndogo "mahali popote patakapobaki". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niombe kazi isimame kwa wiki 2.

Nakieleza kisa hiki kwa ridhaa yao, bila majina, kwa sababu kosa walilokuwa wakielekea kulifanya nimeliona likifanywa mara nyingi na watu makini kabisa. Kujenga nyumba moja mbali na gridi kuna ugumu wake, lakini mwenye nyumba akikosea huumia mwenyewe. Zikiwa tatu juu ya ardhi moja, ile ya kwanza huamua gari litapita wapi, maji taka yataelekea wapi, na nani atabaki na kipande kisichofaa. Kwa hiyo mpango huanzia kwenye nyumba ya mwisho, hata kama itajengwa baada ya miaka mitano.

Ardhi yenyewe ni hekta 2, mita 100 upana na mita 200 urefu. Barabara ya umma inapita ukingo wa chini, na kutoka hapo ardhi inapanda mita 18 hadi ukingo wa juu. Nguzo ya umeme iliyo karibu iko zaidi ya kilomita 4, na bomba la maji halipo. Kisima kirefu kilikuwa kimeshachimbwa kwenye theluthi ya chini, mahali palipo juu ya barabara kwa mita 5. Walikipima kwa kupampu saa 24 mfululizo: kilitoa lita 900 kwa saa, maji yakatulia mita 41 chini ya uso wa ardhi. Niliwapongeza kwa dhati kwa kipimo hicho. Wengi huridhika na maji waliyoyaona yakiruka siku ya kuchimba, na hayo hayaelezi mwamba unaweza kurudisha kiasi gani siku baada ya siku.

Watakaoishi ni dada, mumewe na watoto 3. Mdogo wake peke yake, anayefanya kazi kwa kompyuta na kuchomelea vyuma kwa oda. Na mama pamoja na msaidizi wake. Watu 8 leo. Tukapanga kwa ajili ya watu 12. Mama anatumia insulini, na chupa ambazo hazijafunguliwa hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Friji yake, kwa hiyo, tuliipangia umeme kabla ya kitu kingine chochote.

Kwanza tulichora visivyohama

Siku ya kwanza sikuwaruhusu kuchora nyumba. Tulichora kisima, mistari ya mwinuko, na njia ya maji ya mvua. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu wote wawili walikuwa wameiona ardhi yao wakati wa kiangazi tu. Wiki 2 nilizoomba zikawa miezi 2, tukisubiri mvua. Dada hakufurahi, na nilimwelewa: fundi alikuwa akimpigia simu kila siku.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, mkondo wa maji wenye upana wa mita 6 hivi ulikatiza sehemu ya juu ya shamba na kupita palepale kwenye vigingi vya mdogo mtu. Asubuhi hiyo alisimama ndani ya sebule yake ya baadaye, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Hakuhitaji maelezo yangu. Aling'oa vigingi mwenyewe.

Vigingi vya dada vilikuwa na matatizo mawili. Nyumba pale katikati, pamoja na uzio alioukusudia, ingeziba njia pekee ya gari kuelekea juu. La pili ni zito zaidi: shimo lake la kufyonza maji taka lingekaa mita 18 kutoka kisimani, na upande wa juu wake. Kanuni inayofuatwa sana katika kazi za maji na usafi ni angalau mita 30 kati ya shimo la choo na chanzo cha maji ya ardhini, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya chini. Palipo na changarawe au mwamba wenye nyufa, hata mita 30 ni chache. Kisima hakiwezi kuhamishwa. Vigingi huhamishwa kwa dakika 10.

Barabara ya ndani tuliipeleka pembeni, kandokando ya mpaka, ikiwa na upana wa mita 4, mtaro upande wa juu wake, makalavati mawili, na uwanja wa lori kugeuzia. Ilijengwa kabla ya jengo lolote. Malori ya mchanga na matofali yangepasua njia nyingine yoyote, na siku nyumba ikishika moto, gari la zimamoto lisiloweza kugeuza huenda lisiingie kabisa.

Maji yakaamua nyumba zikae wapi

Hesabu ya maji ilikuwa rahisi na ikatupa moyo. Watu 12 kwa lita 80 kila mmoja kwa siku ni lita 960. Bustani tuliipa lita 600. Jumla lita 1,560, ambazo kisima kile hutoa kwa muda usiofika saa 2.

Kuyapandisha maji hayo hadi tangi lililo ukingo wa juu, tukihesabu pia msuguano wa bomba, ni kama mita 60. Kinadharia kazi hiyo inahitaji robo ya uniti ya umeme kwa siku. Pampu halisi hupoteza zaidi ya nusu ya inachopewa, kwa hiyo sema uniti 0.6 au 0.7, sawa na friji ndogo nzuri. Na pampu haihitaji betri. Jua likiwaka inasukuma, jua likizama inanyamaza, na maji yaliyo juu yanashuka yenyewe usiku kucha. Tangi la lita 10,000 juu ya mteremko linawatosha watu 12 kwa siku 10 ikiwa bustani itavumilia. Hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kuweka akiba ya jua, na bado nakutana na watu wanaoweka tangi karibu na kisima chini, halafu wananunua betri za kuendesha pampu ya nyumbani usiku.

Ila tangi la juu lina sharti lake. Kila mita 10 za tofauti ya kimo huleta mgandamizo wa kama baa 1. Kitako cha tangi, likiwa juu ya jukwaa la mita 2, kipo mita 20 juu ya barabara. Nyumba iliyo ukingoni kabisa ingepata mita 2 tu. Koki zingelia badala ya kutoa maji. Nyumba zilizo kati ya mita 8 na 12 hupata baa 0.8 hadi 1.2, mgandamizo unaotosha kwa koki na bafu la kawaida. Ukanda wa kati ndio uliokuwa mahali pa nyumba zote tatu, ubavuni, mbali na mkondo wa mvua.

Mazungumzo hayo yalikuwa magumu kuliko yote. Mandhari aliyoipenda dada ilikuwa sababu yake ya kununua ardhi ile. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na mama atakuwa wapi?" Nikamwonyesha: mita 35 kutoka kwake, kwenye usawa uleule, bila ngazi wala mlima kati yao. Akasema, "Basi nihamishe." Tuliigeuza nyumba yake ili baraza litazame kule alikotaka, na mabati ya paa lake la mita za mraba 120 yakawa chanzo cha pili cha maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1; kwa mvua ya milimita 700 kwa mwaka, ukitoa asilimia 15 ya kupotea, paa hilo linavuna lita 71,000 hivi.

Umeme: mahali nilipobadili mawazo

Nilianza nikiwa na hakika kwamba mtambo mmoja wa pamoja ndio busara. Nilishauchora: banda moja, paneli zote, betri zote, inveta moja kubwa (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani), na waya kwenda nyumba tatu. Matumizi tuliyokadiria yalikuwa uniti 6 kwa siku kwa dada, 3 kwa mdogo wake na 2.5 kwa mama, jumla 11.5. Nilipoanza kuutafuta uokoaji wenyewe kwa tarakimu, nikakuta ni mdogo kuliko nilivyokuwa nikiwaambia.

Nyumba zikiungana, kinachopungua ni kilele cha matumizi. Jumla ya siku haipungui. Vilele vyao vilikuwa kilowati 4, 5 na 1.5, yaani 10.5, na kwa kuwa haviji kwa wakati mmoja, inveta ya kilowati 7 ingetosha. Hapo kweli tungeokoa kilowati 3.5 za inveta. Lakini paneli na betri hupimwa kwa jumla ya uniti za siku, na uniti 11.5 ni 11.5 zikiwa banda moja au matatu. Betri, ambazo ndizo zinazochakaa, hazikupungua hata kidogo.

Upande wa pili ni waya. Nyumba ya mbali ingekuwa mita 150 kutoka bandani. Kilowati 3 kwa volti 230 ni ampea 13. Kwenye waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, kwenda na kurudi, volti 12 zinapotelea njiani, zaidi ya asilimia 5. Ili kushusha upotevu huo hadi asilimia 2 unahitaji waya wa milimita 16 za mraba. Aliyewahi kununua waya wa shaba wa unene huo kwa urefu huo anajua uokoaji wa inveta umekwenda wapi. Wazo la mdogo mtu la kupeleka umeme wa betri moja kwa moja, kwa volti 24, tuliliacha mara moja: kilowati 3 zingekuwa ampea 125.

Halafu kuna hitilafu. Inveta moja ikiungua, nyumba tatu ziko gizani na insulini inapata joto.

Na kuna watu. Hili nililijua lakini nilikuwa nimelipuuza. Betri ya pamoja ni chungu ambacho kila mtu anachota bila kuona kinavyopungua. Jioni ya siku ya tatu ya mawingu, mmoja akipiga pasi na mwingine akiwasha mashine ya kufulia, anayekatikiwa saa 9 usiku ni yule aliyetumia kidogo kuliko wote. Mita hukuonyesha baadaye nani alitumia. Haimrudishii mama umeme wa usiku ule. Hawa ni ndugu wanaopendana, na nilitaka wabaki hivyo.

Kwa hiyo tukagawanya namna hii. Kinachochimbwa mara moja na kuguswa kwa nadra ni cha wote: kisima, tangi la juu, barabara, mitaro, jenereta. Kinachopungua kila usiku ni cha kila nyumba peke yake. Kila nyumba ina paneli zake, betri zake, na tangi lake la lita 5,000 linalojazwa kutoka juu kwa boya linalofunga maji tangi likijaa, lenye koki yake ya kufungia. Bomba likipasuka kwa mmoja, wengine hawajui.

Kwa saa 4 za jua kamili katika mwezi mbaya kuliko yote, na ufanisi wa asilimia 75, dada alihitaji paneli za kilowati 2 na, kwa siku 2 bila jua, betri ya lithiamu ya uniti 14. Mdogo wake alihitaji kilowati 1 na uniti 7, kwa makubaliano kwamba kuchomelea kunafanyika mchana jua likiwa kali, au kwa jenereta. Kwa mama hesabu ilisema kilowati 0.83. Tuliweka 1.2, na betri ya siku 3, uniti 9. Ni zaidi ya anachohitaji, na nilisisitiza iwe hivyo.

Mambo mawili yakaturudishia sehemu kubwa ya faida ya kuungana bila hasara zake. Mifumo yote mitatu ni ya volti 48 na ya aina moja, na inveta moja ya akiba imekaa kabatini kwa ajili ya yeyote itakayemharibikia. Na kati ya nyumba ya dada na ya mama upo waya mmoja wenye swichi ya kugeuzia. Mfumo wa mama ukifa, mkono mmoja unageuza swichi na friji inalishwa kutoka upande wa pili. Swichi hiyo ni ya lazima iwe ya kuchagua chanzo kimoja au kingine, kamwe visikutane: inveta mbili zisizotengenezwa kufanya kazi sambamba zikiunganishwa zinaunguzana.

Kuhusu maji taka, dada na mama wanatumia septiki moja (tangi la chini ya ardhi la kupokelea maji taka) kwa kuwa wako karibu, bomba likishuka sentimita 2 kwa kila mita, na shimo la kufyonza liko ubavu wa mbali, mita 60 kutoka kisimani. Mdogo mtu ana lake. Udongo tuliujaribu kwanza kwa kujaza maji kwenye mashimo na kupima yanashuka kwa kasi gani.

Makaratasi

Ofisi inayotoa vibali ilikuwa na sheria ambayo hawakuwa wameiuliza: kipande kimoja cha ardhi kisichogawanywa kingeruhusiwa nyumba kuu moja na nyumba moja tegemezi. Ya tatu ingehitaji ardhi igawanywe. Masharti ya namna hii yapo katika nchi nyingi, kwa sura tofauti, na ni swali la kuuliza kabla ya kununua ardhi. Kwao ilimaanisha kwamba nyumba ya mama isajiliwe kama tegemezi ya nyumba ya dada, na kipande cha mdogo mtu kikatwe na mpima. Mpaka ukachorwa ili pande zote mbili ziguse barabara ya ndani, na kisima, tangi na barabara vikaandikiwa haki ya kupita na kutumia kwa pande zote mbili, iambatane na hati hata ardhi ikiuzwa.

Hati ya awali ilikuwa kwa jina la dada peke yake. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ndiye aliyekuwa na nafasi siku ya kusaini. Lakini katika mifumo mingi ya sheria jengo hufuata ardhi. Mdogo wake angejenga nyumba kwa jasho lake na mbele ya sheria ikawa mali ya dada, kisha ya warithi wa dada, ambao huenda hawajui lolote juu ya ahadi ya mdomo. Niliwaambia wazi kwamba sitachora msingi wa nyumba ya tatu kabla hilo halijarekebishwa. Wakakaa na mwanasheria. Waliandika nani anachangia nini pampu ikifa, mfuko wa matengenezo unaotozwa kila mwezi, na kwamba anayetaka kuuza awape wenzake nafasi ya kwanza kwa bei ya mthamini. Waliandika pia kuhusu kifo na talaka. Mama ndiye aliyesema yaandikwe, wakati wengine wakiona aibu kuyataja.

Nyumba ndogo ikatangulia

Tulijenga nyumba ya mama kwanza, mita za mraba 45. Dada na familia yake walilala humo miezi 8 huku yao ikipanda, mama akiendelea kukaa alikokuwa. Walibanana, ndiyo. Lakini walijua mwezi wa pili tu kwamba makadirio yangu ya umeme yalikuwa juu kidogo, na ya maji yalikuwa chini, kwa sababu miche ya bustani ilikunywa kuliko nilivyodhani. Bomba la kwenda kwa dada tuliliongeza kipenyo kabla mtaro haujafukiwa. Kama tungeanza na nyumba kubwa, tungeligundua hilo chini ya sakafu iliyokwisha kumiminwa zege.

Mitaro yenyewe ilichimbwa kwa mara moja hadi nyumba zote tatu, hata ile isiyokuwepo: bomba la maji upande mmoja, upande wa pili mabomba mawili matupu ya kupitishia waya, moja la umeme na moja la mawasiliano, kila moja likiwa na kamba ya kuvutia ndani. Gharama kubwa ya mtaro ni kuuchimba. Kamba ile inagharimu karibu bure.

Leo nyumba mbili zinakaliwa. Ya mdogo mtu bado ni vigingi, vipya, kwenye mwinuko wa mita 9, na pembeni yake bomba lililozibwa kwa kifuniko linasubiri. Kuna jambo moja hawajalimaliza: karakana yake ya kuchomelea. Yeye anaitaka karibu na barabara ya ndani, ambako vyuma vinashushwa kwa urahisi, na hapo ni mita 40 kutoka dirisha la chumba cha mama. Nimependekeza ihamie chini, karibu na lango, ambako ardhi ni tambarare na sauti inaelekea upande mwingine, ingawa itambidi avute waya mrefu zaidi au ategemee jenereta. Jumamosi ijayo ataiwasha mashine sehemu zote mbili, mama akiwa ameketi chumbani kwake, ndipo waamue.